Rangi Mbili Katika Kisima cha Mlangoni

Vijana wa idara mmeniomba niandike, nami nimekubali kwa sharti moja: vyeo na mishahara sivitaji. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara ukija ulikuja, usipokuja tulikwenda kazini vilevile. Nitakayoandika ni ya mifereji, vyoo na wenye vyoo. Mwenye kichefuchefu aiweke karatasi chini sasa hivi, asije akanilaumu mbele.

Mnaujua mji wetu wa Rasini, lakini kwa atakayesoma bila kuujua, niseme ni mji mdogo wa pwani, kusini ya Kismayo, na chini yake umepita mfereji mkuu wa maji taka uliojengwa zama za Mtaliana kwa mawe na chokaa. Mfereji huo unakusanya uchafu wa mitaa ya zamani, unateremka nao kusini mpaka karibu na kijiji cha Mlangoni, ndipo unapomwagia baharini. Mimi nimezaliwa kisiwani Chovai, nikaja Rasini kwa kuolewa. Kwetu Chovai siku zile choo kilikuwa pwani, maji yakipwa. Nilipoambiwa mara ya kwanza kwamba kuna njia chini ya ardhi inayobeba haja za mji mzima, nilidhani wakwe zangu wananitania.

Kazi yangu ilizaliwa na haya za watu. Nyumba zetu choo kiko uwani, na uwani ni kwa wanawake. Mafundi wa baraza la mji wakibisha hodi asubuhi, mume yuko baharini au dukani, nani awafungulie? Wakiambiwa warudi jioni, mume yuko lakini wao wamekwenda zao. Mifereji ikaziba mwaka hata mwaka kwa sababu ya heshima. Ndipo Fundi Athmani, mkubwa wa mafundi, akamjia mume wangu baada ya sala ya alasiri akamwomba nimsaidie kuingia majumbani. Mume wangu alicheka kwanza. Kisha akaja kuniuliza mwenyewe kama nataka, hakunijibia, na hilo namshukuru hata sasa ambapo hayupo.

Siku yangu ya kwanza Fundi Athmani hakunipa chepe wala buti. Alinipa kandili. Tukasimama juu ya chemba, yaani shimo la kuingilia mfereji, akafunua kifuniko, akaniambia niiteremshe taa kwa kamba polepole. Ilipofika kati ikafifia, ikazimika. Akaniuliza nimeona nini, nikamwambia nimeona giza. Akasema hiyo ndiyo hewa iliyomuua fundi aliyemfundisha yeye, na kwamba katika kazi hii taa hutangulia, mchu hufuata, na mchu kwa lugha yetu ni mtu. Tukaiacha chemba wazi mpaka taa ikashuka na kurudi ingali inawaka. Nyinyi leo mna vyombo vya kupima vinavyolia kama vifaranga, alhamdulillahi, lakini nawaona wengine mkivisahau garini.

Jambo la pili alilonifundisha ni rangi. Nyumba ya zamani hujui choo chake kimeelekea wapi. Baba aliyejenga amekufa, ukuta umeongezwa, mpangaji hajui. Sasa utafuata vipi maji chini ya sakafu? Unachukua rangi ya kutilia ukindu, ile tunayopaka mikeka, unaichemsha, unaimwaga chooni kwa ndoo mbili za maji, mwenzako anangoja kwenye chemba. Ikipita pale, choo hiki ni cha pale. Isipopita, kuna pahali maji yanapotea, na kutafuta pahali hapo ndiyo kazi yenyewe. Mama yangu alinitumia rangi kutoka Chovai akidhani nasuka mikeka mjini. Sikumwambia kweli mpaka nilipopata mtoto wa pili.

Majumbani nilipokewa kila namna. Wako walionikaribisha kahawa na halua, wako walioniwekea kikombe changu peke yangu, cha bati, kisha wakakiacha dirishani. Harusini nikikaa penye sinia, wengine hukumbuka ghafla kwamba wameshiba. Iliniuma, nisidanganye. Lakini choo cha mwanamke yule yule kikifurika mkesha wa harusi, mimi ndiye ninayeitwa dada, shoga, mwanangu. Basi nikajifunza kuyachukua majina hayo na kukisahau kile kikombe cha bati.

Kisha vikaja vita na sisi tukatawanyika kama tulivyotawanyika sote. Mimi na mume wangu tulikwenda Mombasa. Fundi Athmani alikuwa mtaa wa pili kutoka kwetu, akifanya vibarua vya bomba, na huko ndiko alikofia, Mungu amrehemu. Hata akiwa mgonjwa alikuwa akiniuliza kama chemba ya mtaa wa Msikiti Mdogo ingali na kifuniko. Sikuwa na habari yoyote ya chemba ile. Nilimwambia inacho.

Niliporudi Rasini baada ya miaka mingi, baraza jipya la mji liliniuliza naweza kazi gani, nikasema ile ile. Mfereji nilioukuta haukuwa ule niliouacha. Mizizi ilikuwa imeingia, mawe yameanguka ndani, vifuniko vimeuzwa vyuma chakavu, na watu wamejenga juu yake maduka mazuri tu. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ilitulazimu tuzibe na tujenge, vyote kwa pamoja, tena na watu wamo ndani ya nyumba.

Sasa nije kwenye Mlangoni, maana hilo ndilo mlilotaka hasa.

Mlangoni ilikuwa imejaa tena waliorudi kutoka kambi za Kenya, wengi wao wa visiwani, wa Chovai na Kudhaa. Walijenga wenyewe, wakaweka baraza lao la kijiji, na mwenyekiti wao alikuwa Kassim, mshona nyavu, mtu mpole lakini kichwa kigumu. Maisha yao yote yalikuwa juu ya kisima kimoja chenye maji baridi. Kisha watoto wakaanza kuharisha, wakapona, wakaharisha tena. Maji yakatoa harufu. Kassim akaja Rasini kulalamika kwamba mfereji wa mji umepasuka chini ya mchanga na unaingia kisimani kwao. Baraza la mji likajibu kwamba vyoo vya Mlangoni vimechimbwa karibu mno na kisima, wajitazame wenyewe. Barua zikaenda, barua zikarudi. Mwisho mjumbe mmoja wa mji akaleta shauri lake: kisima kifukiwe, na watu wa Mlangoni wapelekwe bara, kwenye viwanja vya waliorejea, ambako kuna tangi la maji.

Alilisema shauri hilo mkutanoni Mlangoni penyewe, na pale alikuwapo Bi Mize. Bi Mize alikuwa somo yangu. Ndiye aliyenifunda Chovai kabla sijaolewa, aliyeniosha, aliyenifukiza, aliyenieleza ya ndoa ambayo mama haelezi bintiye. Vita vilitupoteza, na niliporudi nikamkuta Mlangoni, mjane, na wajukuu wanaoharisha. Alisimama polepole akimtazama yule mjumbe.

"Mume wangu nimemzika kambini, kwenye vumbi jekundu, mbali na bahari," akasema. "Mimi si mchu wa kuhamishwa mara mbili. Kama mnafukia kisima, nifukieni nacho."

Mjumbe alisema anafahamu machungu yake. Bi Mize akamwambia hafahamu, akaketi.

Aliyetutoa kwenye mkwamo ule alikuwa Abdi, mhandisi wa mji, kijana Msomali wa Kismayo aliyesoma ng'ambo na hakuona taabu kuuliza. Aliniita edo, yaani shangazi, tangu siku ya kwanza, na mimi nikamgombeza kama mwana wa kaka tangu siku ya pili. Alikuwa ameagiza rangi ya kitaalamu ya kufuatia maji, nayo imekwama bandarini. Akaniuliza sisi wa zamani tulitumia nini. Nilipomwambia rangi ya mikeka aliuliza kama zipo rangi mbili. Hilo la rangi mbili lilikuwa lake, mimi sikuwahi kulifikiria: nyekundu imwagwe kwenye mfereji wa mji, kijani imwagwe kwenye vyoo vya Mlangoni, kisha tungoje kisima kiseme. Mabaraza yote mawili yakakubali mara moja, kwa sababu kila moja lilikuwa na hakika litashinda.

Rangi ilichemshwa kwenye masufuria makubwa ya harusi ya Mlangoni. Nawaomba radhi wote waliokula pilau iliyofuata, ile iliyokuwa na wekundu kidogo. Nyekundu waliimwaga Abdi na Kassim pamoja, kwenye chemba ya mwisho ya mji, kila mmoja akiushikilia mkono wa mwenzake kana kwamba atamwibia. Kijani ikawa yangu, maana vyoo viko uwani.

Niliingia nyumba baada ya nyumba. Ya Bi Mize nikaiacha mwisho, kwa woga tu. Alinifungulia, akatazama ndoo, akatazama kitambulisho cha mji nilichovaa shingoni, akasimama mlangoni bila kunipisha.

"Nilikufunda mimi," akaniambia. "Leo unaniingilia chooni kunitafutia kosa?"

Nilimwambia kwamba nikiruka choo chake, mji utasema Mlangoni wamedanganya, na kisima kitafukiwa kwa ajili ya choo kimoja. Nilimwambia mficha uchi hazai, na yeye ndiye aliyenifundisha msemo huo, siku niliyokuwa naona haya kuvua kanga mbele yake. Aliniacha nimesimama mpaka ndoo ikaniuma mkono. Kisha akanipokonya.

"Kama ni changu kinachowaumiza wajukuu wangu, nataka nijue mimi kabla ya Rasini," akasema, akaingia akamwaga mwenyewe.

Siku zile za kungoja baraza la mji lilileta maji kwa boza, gari la tangi, na kisima hakikutekwa ila ndoo ya kutazamia asubuhi na jioni. Mwanzo hakikuonyesha kitu. Mjumbe wa mji akaanza kutabasamu. Chini ya Mlangoni ni mwamba wa matumbawe, una vijitundu kama mkate wa mofa, na maji humo hupita yanakotaka kwa wakati yanaoutaka. Kisha asubuhi moja ndoo ikatoka nyekundu. Si sana, kama maji ya kuoshea mikono ya mwenye hina, lakini hakuna aliyebisha. Wanawake wakapiga vigelegele. Fikirini, watu wanashangilia kinyesi cha jirani kisimani mwao! Kassim alinishika mkono akanishukuru, mimi niliyekuja kwa niaba ya mji. Mjumbe akapanda gari lake.

Nilimwona Bi Mize hashangilii. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kisima na wajukuu wake, akasema tungoje. Tukangoja. Ndoo ya kesho yake ilikuwa imekolea. Ya siku iliyofuata haikuwa nyekundu tena wala haikuwa kijani, ilikuwa rangi ya ukwaju uliorowekwa, na pembezoni mwa ndoo, pale maji yalipokauka, kulikuwa na utepe wa kijani ambao hata mtoto aliuona. Ilikuwa ni sisi na ilikuwa ni wao. Kila upande ulikuwa umesema kweli juu ya mwenzake, na nyani haoni kundule.

Mkutano uliofuata ulifanyika pale pale penye kisima, na ile ndoo katikati. Kassim alikuwa na hotuba aliyoitayarisha juu ya dhuluma ya mji, akaikunja. Mjumbe alikuja safari hii kwa miguu. Nilidhani watarudi kwenye matusi yao, maana aibu huleta matusi, na kama wangerudi basi Bi Mize na wote walio pale walikuwa wa kuhamishwa. Bi Mize aliomba kusema kwanza.

"Kijani imetoka vyooni kwetu, na changu kimo," akasema. "Nimemwaga kwa mkono wangu. Mimi nakifunga leo. Nyinyi wa mji mnafunga nini?"

Mjumbe akaisogelea ile ndoo. Akasema mji utafunga mfereji wa zamani wote kuanzia chemba ya mwisho na kulaza bomba jipya, akatoa mkono. Namshukuru na yeye pia. Si rahisi kwa mtu aliyekwisha kusema neno hadharani kulimeza hadharani.

Wakapatana hivi. Mji ulete bomba, saruji na utaalamu wa Abdi. Mlangoni itoe eneo la mabwawa ya kutulizia maji taka, mbali na kisima na mbali na pwani ya kuvulia, na itoe wachimbaji. Vyoo vya shimo vilivyo karibu na kisima vifungwe, nyumba hizo ziungwe kwenye bomba lile lile. Jambo lililowagombanisha mpaka karibu wavunje mapatano lilikuwa chakula cha wachimbaji. Kwa mila zetu mwenye kazi ndiye mlishaji, na kila baraza lilidai kazi ni yake, kwa sababu kumlisha mwenzako ni ukubwa. Ikaamuliwa kikoa: leo sufuria ya Rasini, kesho sufuria ya Mlangoni. Nawaambia sijapata kuona wachimbaji walionenepa namna ile. Na kwenye sinia zile hakuna aliyekumbuka kwamba ameshiba, tukichota sote na mikono yetu ya mfereji, na Abdi ndani yake akijifunza kula samaki wa kupaka bila kuchomwa na miiba.

Walichimba kutoka ncha zote mbili. Mteremko tuliupima kwa mpira mweupe wa maji, ule unaoona maji ndani yake yakisimama sawa kwenye ncha zote mbili, kwa sababu kifaa cha Abdi kiliingia mchanga wiki ya kwanza. Ncha mbili zilipokutana, upande wa Mlangoni ulikuwa juu kuliko wa mji kwa kiganja kizima. Kila upande ukaapa ni wenzao. Abdi alikaa juu ya udongo akacheka mpaka akatoa machozi, kisha akawaamuru wote washuke wakachimbe upya pamoja, mmoja wa huku na mmoja wa kule katika kila kipande. Kipande hicho ndicho mpaka leo hakijawahi kuziba. Nendeni mkakitazame.

Bomba lilipokamilika tukakitapisha kisima, tukakiteka mpaka chini, tukasugua mawe, tukatia dawa, tukakingoja kijae. Kisha tukamwaga rangi zile zile mbili, nyekundu kule, kijani huku. Safari hii hakuna aliyetaka kushinda. Wazee walikuja na mikeka yao wakakaa, na ndoo ilipotolewa kila siku watu waliinama juu yake kama wanaotazama mwezi mwandamo. Maji yalitoka maangavu, yakazidi kutoka maangavu. Majibu ya vipimo yakaja kutoka Kismayo: salama. Bi Mize aliwazuia wote wasinywe kabla yake. Alikunywa kata nzima akiwa ameketi, kwa bismillahi na kwa taratibu, akanipa mimi ya pili. Nikanywa nusu, iliyobaki nikawapa wajukuu wake.

Baada ya hapo kazi ilikuwa kazi ya kila siku, na nyinyi wengine mlikwisha kuingia, kwa hiyo mnaijua. Mabaraza mawili sasa yana kamati moja ya maji taka, wanakutana na kugombana kama ndugu. Abdi amehamishiwa mji mwingine na hupiga simu sikukuu kuniuliza hali za chemba zangu. Mtunzeni kila mhandisi anayeuliza. Mtunzeni pia kila mwanamke anayewafungulia uwani.

Niliaga kazi mwaka huu. Kabla sijamaliza mwezi nyumbani, waliniita Mlangoni asubuhi, nikajua kabla hawajaniambia. Bi Mize alikuwa amefariki usingizini, chumbani mwake, na ameacha wasia kwamba nimwoshe mimi. Wanaume walikwisha kuchimba ufuo, kishimo cha kupokea maji ya kumwoshea maiti, chini ya kitanda. Tulichemsha majani ya mkunazi, tukatayarisha kafuri. Nilimwosha yeye kama alivyoniosha yeye nikiwa bibi harusi, polepole, kwa mkono wa kulia. Wajukuu wake walikuwa wakipokezana ndoo kutoka kisimani mpaka mlangoni, na hakuna hata mmoja katika nyumba ile aliyeuliza kama maji ni safi.